Mbegu Zisizojua Kungoja: Joto, Msitu na Mpunga wa Lubutu

Mbegu ya limbali ikidondoka katika msitu wa Lubutu, jimbo la Maniema mashariki ya Kongo, haikai. Ni mbegu kubwa, upana wake kama sentimita tano, nzito kiganjani, ganda lake jembamba na ndani imejaa wanga na maji. Katika majuma machache itakuwa imetoa mzizi, au imeliwa na nguruwe mwitu na panya buku, au imeoza chini ya majani. Jambo lingine halipo. Haina uwezo wa kulala ardhini miaka miwili ikisubiri wakati mzuri, kama zifanyavyo mbegu za nyasi za savana au za magugu ya shambani.

Mti wenyewe, ambao wataalamu wa mimea huuita Gilbertiodendron dewevrei, si mnyonge hata kidogo. Yapo maeneo ya Kongo ya mashariki ambako umetawala msitu karibu peke yake, kilima kwa kilima. Mwaka 1989 Terese Hart, John Hart na Peter Murphy waliandika juu ya misitu hiyo, wakitumia kazi yao ya msitu wa Ituri. Walionyesha kwamba mbegu kubwa ni sehemu ya siri ya utawala huo: mche unazaliwa gizani, chini ya mama yake, ukiwa na masurufu ya kutosha kuishi muda mrefu bila kuona jua.

Kwa nini basi mti wenye nguvu namna hiyo uzae mbegu isiyojua kungoja? Jibu lake linaanzia kwenye halijoto. Lubutu iko kusini kidogo tu ya mstari wa ikweta. Mwezi wa joto kali na mwezi wa ubaridi hutofautiana kwa nyuzi moja au mbili za Selsiasi; tofauti kubwa zaidi ni ile ya mchana na usiku wa siku moja. Theluji haijawahi kufika, na kiangazi ni kifupi. Mahali kama hapo mbegu inayongoja haipati faida yoyote. Inachopata ni kuliwa. Kwa mamilioni ya miaka, miti iliyozaa mbegu za kuota upesi ndiyo iliyoacha watoto. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba joto lililotulia ndilo lililozitengeneza mbegu hizi, na kwa sababu hiyo hiyo ndizo zenye njia chache kuliko zote joto lenyewe linapoanza kuhama.

Mtu akisikia kwamba halijoto inaumba mbegu, huenda akadhani ni maneno ya mafumbo. Ni kazi inayoweza kupimwa. Mwaka 2015 Vicki Springthorpe na Steven Penfield, wakifanya kazi Uingereza, walichapisha utafiti wao juu ya Arabidopsis, mmea mdogo wa maabara. Waligundua kwamba mmea mama hupima joto wakati mbegu zinapokomaa. Joto likiwa chini ya nyuzi 14 au 15 hivi, mama huzaa mbegu zenye usingizi mzito. Likipanda juu kidogo ya hapo, mbegu zinazozaliwa ziko tayari kuota mara moja. Tofauti ya nyuzi moja tu inabadili tabia ya kizazi kizima. Na kwa kuwa mimea ya aina moja haifanani katika kipimo hicho, uteuzi wa asili unapata pa kushika: wenye kipimo kinachofaa mahali pao wanazaa zaidi, na baada ya vizazi vingi kipimo hicho kinakuwa desturi ya ukoo.

Ukitazama dunia nzima, alama ya ikweta kwenye mbegu inaonekana wazi. Angela Moles na wenzake walikusanya takwimu za uzito wa mbegu za maelfu ya mimea, na mwaka 2007 wakatangaza kwamba kutoka ikweta hadi latitudo ya 60 wastani wa uzito wa mbegu unashuka mara 320. Si joto peke yake linalofanya hivyo. Sehemu kubwa inatokana na aina ya uoto: misitu mirefu yenye kivuli huku kwetu, nyasi na vichaka kule kaskazini. Lakini ni joto na mvua vinavyoamua msitu usimame wapi, kwa hiyo mkono wa hali ya hewa uko nyuma ya sababu zote mbili. Mbegu kubwa kuliko zote duniani, ile ya mnazi wa Shelisheli unaoota Praslin, ina uzito wa kilo nyingi. Ya okidi ni vumbi linalopeperushwa na upepo.

Masalia ya kale yanasimulia habari ileile kwa muda mrefu zaidi. Bruce Tiffney alieleza mwaka 1984 kwamba mimea ya maua ya zama za dinosaria ilikuwa na mbegu ndogo sana kwa jumla. Dinosaria walipotoweka, miaka milioni 66 iliyopita, misitu minene ilienea katika dunia iliyokuwa na joto kuliko leo, wanyama wala matunda wakaongezeka, na mbegu zikawa kubwa. Baadaye dunia ilipopoa na mbuga za nyasi zikapanuka, mbegu nyingi zikarudi kuwa ndogo.

Kongo nayo imeonja mabadiliko, na ushahidi wake umelala chini ya bahari. Mto Kongo hubeba udongo wa bonde lake lote, pamoja na udongo unaochukuliwa na mito ya Maniema, ukaumwaga Atlantiki. Johan Weijers na wenzake walisoma tabaka za matope hayo mbele ya mlango wa mto, na mwaka 2007 wakaonyesha kwamba katika zama za barafu, yapata miaka 25,000 iliyopita, wastani wa joto la bonde la Kongo ulikuwa karibu nyuzi 21. Leo ni karibu 25. Nyuzi nne hizo zilipanda polepole, kwa muda wa kama miaka elfu kumi. Misitu ilijikusanya mahali pa unyevu, ikangoja, halafu ikaenea tena. Walionusurika ni mababu wa miti tunayoiona leo kandokando ya barabara ya Kisangani na Bukavu. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba mbegu za msitu hazijawahi kubadilika. Kinachotisha ni kasi ya sasa.

Kasi hiyo imepimwa vizuri huko Lopé, Gabon, zaidi ya kilomita 1,500 magharibi ya Lubutu lakini karibu kwenye mstari uleule wa ikweta. Caroline Tutin na Michel Fernandez walianza huko katika miaka ya 1980 kuandika, mwezi kwa mwezi, mti upi umetoa maua na upi umezaa. Mwaka 1993 walitoa wazo lililoonekana dogo: kwamba baadhi ya miti haitoi maua mpaka usiku wa kiangazi ushuke chini ya nyuzi 19. Katika msitu wa ikweta, ambako watu husema hakuna majira, mti unangoja ubaridi wa usiku wa siku chache ndipo ujue kwamba wakati wa kuzaa umefika.

Daftari za Lopé hazikufungwa. Mwaka 2020 Emma Bush na wenzake walichapisha katika jarida la Science matokeo ya zaidi ya miaka 30. Joto la Lopé limepanda kwa robo ya nyuzi kila miaka kumi, na mvua imepungua. Nafasi ya kukuta mti wenye matunda yaliyoiva ilishuka kwa asilimia 81 kati ya mwaka 1987 na 2018. Tembo waliopigwa picha katika hifadhi hiyo walionekana kukonda: hali ya miili yao ilishuka kwa asilimia 11 kuanzia 2008 hadi 2018. Robo ya nyuzi kwa miaka kumi ni sawa na nyuzi mbili na nusu kwa karne. Ukiilinganisha na zile nyuzi nne za miaka elfu kumi, kasi ya sasa ni zaidi ya mara hamsini.

Hapo ndipo suala la mageuko linapokuwa gumu. Mti ambao hautoi maua hauzai mbegu, na pasipo mbegu uteuzi wa asili hauna cha kuteua. Huenda miongoni mwa miti mia moja ya aina moja kuna mitano inayoridhika na usiku wa nyuzi 20. Watoto wa hiyo mitano ndio wangekuwa msitu wa kesho. Lakini limbali na jamaa zake huchukua miongo mingi kabla ya kuzaa mara ya kwanza, na huishi muda mrefu mno. Huenda mti uliosimama leo ulikuwa tayari mrefu misafara ya kwanza ya pwani ilipoingia Maniema katika karne ya 19. Kwake muda wote huo ni kizazi kimoja.

Si miti yote yenye mwendo huo. Mkulima wa Lubutu akifyeka na kuchoma kipande cha pori, jirani wa kwanza kufika ni parasolie, ambao wengine huuita kombo-kombo, Musanga cecropioides. Hakuna aliyeupanda. Mbegu zake ni ndogo kama punje za mchanga, zinasambazwa na popo, ndege na nyani, na hukaa udongoni zikisubiri. Chini ya msitu mzima joto la udongo halibadiliki sana kati ya mchana na usiku. Miti ikiondolewa, udongo uliokuwa kivulini unaweza kupita nyuzi 40 saa saba mchana na kupoa tena alfajiri. Kwa miti ya namna hii, mwanga pamoja na kupanda na kushuka kwa joto ni ishara ya kwamba paa limefunguka. Mbegu inaamka. Mti unakua mita kadhaa kwa mwaka, unazaa mapema, na baada ya miaka ishirini hivi unazeeka na kufa. Parasolie na limbali wanaishi msitu mmoja, wananyeshewa mvua moja, na mbegu zao zimejifunza mambo mawili yaliyo kinyume kuhusu joto.

Mtu asije akadhani, kwa hiyo, kwamba ongezeko la joto litaufuta uoto wa Lubutu. Kijani kitabaki. Kinachoweza kuondoka ni ile miti ya mbegu nzito, na pamoja nayo kaboni nyingi iliyohifadhiwa katika magogo yake na chakula cha wanyama wanaotegemea mbegu hizo.

Upo usemi kwamba mbegu zitawekwa benki na siku moja zitarudishwa. Kwa mahindi na maharage ni kweli. Benki ya taifa ya mbegu ya Kenya iliyoko Muguga, iliyoanzishwa mwaka 1988, huzikausha na kuzigandisha, nazo huishi miongo mingi. Mwaka 1973 E. H. Roberts alizigawa mbegu katika makundi mawili: zile zinazokubali kukaushwa na kugandishwa, na zile zinazokufa zikikaushwa. Kakao, embe na mpira ni wa kundi la pili, na katika misitu ya mvua kundi hilo ni kubwa, karibu nusu ya aina za miti zilizochunguzwa. Kahawa iko katikati. Wataalamu walilazimika mwaka 1990 kuiundia kundi la tatu, kwa maana inavumilia kukaushwa kiasi lakini haivumilii baridi kali. Na robusta, wasomaji wakumbuke, ni mzaliwa wa bonde hili la Kongo. Kuanzia Brussels karibu na mwaka 1900 miche yake ilisambazwa duniani, lakini mababu zake wa porini bado wako katika misitu inayozunguka Kisangani.

Mbegu ambayo haiwekeki kwenye friji ina ghala moja tu, nalo ni msitu uliosimama. Kwa upande wa Lubutu ghala hilo lina jina na mipaka: Hifadhi ya Taifa ya Maiko, iliyoundwa mwaka 1970, yenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 10,000. Watu huitaja kwa ajili ya okapi, sokwe wa Grauer na tausi wa Kongo, na wana haki ya kuitaja hivyo. Wangeitaja pia kwa ajili ya mbegu zake. Mti wa aina moja ukienea kutoka bonde hadi kilima, ndani yake kuna tofauti ndogondogo za kustahimili joto ambazo hakuna maabara inayoweza kuzitengeneza upya.

Kilima nacho kina maana yake. Kutoka Lubutu kuelekea Walikale na Bukavu nchi inapanda, na kila mita 100 za kupanda hupunguza joto kwa kama nusu nyuzi au zaidi kidogo. Mmea unaokimbia joto katikati ya bonde la Kongo ungelazimika kusafiri mamia ya kilomita; unaoishi kwenye ngazi hii ya mashariki una safari fupi zaidi. Ila mbegu haitembei yenyewe. Ganda la limbali hupasuka na kurusha mbegu mita chache kutoka kwa mama. Mbegu za miti yenye matunda matamu hubebwa na hondohondo na nyani, na mbegu kubwa kabisa humezwa na tembo. Uchunguzi uliofanywa Ndoki, Kongo-Brazzaville, na Stephen Blake na wenzake ulionyesha kwamba tembo wa msituni anaweza kuisafirisha mbegu hadi kilomita 57. Panapouawa tembo, mbegu hizo hazina tena pa kukimbilia, hata kama kilima kiko karibu.

Shambani mambo yana mwendo mwingine kabisa. Mpunga wa Maniema ulikuja na watu wa pwani, waungwana na wafanyabiashara waliojenga Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19; ukoloni wa Kibelgiji ukaufanya zao la lazima, na hadi leo Maniema ni nchi ya mpunga. Unapandwa nchi kavu, katika pori lililofyekwa, na kuvunwa baada ya miezi michache. Tangu enzi za Nyangwe umepita vizazi zaidi ya mia moja, na katika kila kizazi mkono wa mtu, mara nyingi wa mama wa nyumba, umechagua masuke ya kuweka mbegu. Hayo nayo ni mageuko, na hayapungui thamani kwa kufanyikia jikoni.

Joto linaushika mpunga mahali pawili. Kwanza kwenye ua. Karibu saa nne asubuhi maganda mawili ya ua la mpunga yanaachana kidogo, viuzi sita vya kiume vinachomoza, vinapasuka na kumwaga chavua. Baada ya kama saa moja maganda yanafunga na hayafunguki tena. Joto likipita nyuzi 35 katika saa hiyo moja, chavua inaharibika na suke linabaki na pumba tupu. Pili ni usiku. Shaobing Peng na wenzake walichambua takwimu za mwaka 1992 hadi 2003 za taasisi ya utafiti wa mpunga iliyoko Los Baños, Ufilipino, wakakuta kwamba kila nyuzi moja ya ziada ya usiku iliendana na upungufu wa asilimia 10 ya mavuno. Joto la mchana halikuonyesha uhusiano wa namna hiyo. Usiku wenye joto huufanya mmea utumie kwa kupumua sukari ambayo ingeingia kwenye punje. Punje inayojazwa haraka katika joto, nayo, hutoka na doa jeupe la chaki na huvunjika kinuni. Huko Tanzania kahawa ya arabika imeonyesha jambo linalofanana: A. Craparo na wenzake walieleza mwaka 2015 kwamba kila nyuzi ya ziada ya usiku inapunguza kilo 137 kwa hekta.

Afrika ina mpunga wake wa asili, Oryza glaberrima, ulioanza kulimwa karibu na mto Niger yapata miaka 3,000 iliyopita, katika nchi ya joto kali. Ukoo wake mmoja unaojulikana kwa jina la CG 14 hufungua maua mapema zaidi asubuhi, kabla jua halijachoma. Mwaka 2015 watafiti wa China walitambua ndani yake jeni waliyoiita TT1, inayosaidia seli kusafisha protini zilizoharibiwa na joto. Ni CG 14 hiyo hiyo ambayo Monty Jones, mwana wa Sierra Leone, aliichanganya na mpunga wa Asia katika miaka ya 1990 akapata Nerica, ambayo leo inalimwa Uganda na kwingineko. Haimaanishi kwamba kila Nerica inastahimili joto. Inamaanisha kwamba tabia iliyochongwa na jua la Afrika Magharibi kwa maelfu ya miaka imeweza kuvuka hadi kwenye mpunga wa nchi nyingine ndani ya maisha ya mtafiti mmoja.

Mkulima wa Lubutu asiyekuwa na maabara ana uwezo wake. Akipita shambani wakati wa kutoa maua anaweza kuona mashina yanayofungua mapema asubuhi. Wakati wa kuvuna ataona masuke yaliyojaa katika msimu uliowatesa wengine. Akiyafunga kando na kuyahifadhi peke yake, ameanza uteuzi. Utunzaji wa baadaye nao ni suala la joto: kanuni ya Harrington inasema kwamba umri wa mbegu kavu huongezeka maradufu kila joto la ghala likipungua kwa nyuzi tano, na tena maradufu kila unyevu wa mbegu ukipungua kwa asilimia moja. Katika hewa ya Lubutu unyevu ndio adui mkubwa zaidi. Ndiyo maana desturi ya kutundika mbegu juu ya moshi wa jiko ina akili ndani yake, mradi zikishakauka zihamishwe zikae kwenye chombo kilichofungwa, mbali na moto.

Yangambi, magharibi ya Kisangani, kuna daftari zinazostahili kujulikana zaidi. Katika kituo cha INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo ya enzi za ukoloni iliyoundwa mwaka 1933, kituo ambacho leo kiko chini ya mrithi wake INERA, watumishi walipita msituni kila juma kuanzia 1937 hadi 1958 wakiandika kila mti umefanya nini: majani, maua, matunda, mbegu kudondoka. Kurasa hizo zimeanza kuingizwa kwenye kompyuta na kuchambuliwa upya. Tangu mwaka 2020 mnara wa CongoFlux, wenye urefu wa mita 55, unapima pumzi ya msitu huohuo. Joto la leo na maua ya leo yanaweza sasa kuwekwa kando ya yale ya miaka ya 1940, mti kwa mti wa aina moja. Maniema haina daftari la namna hiyo, ingawa kulianzisha hakuhitaji mnara: kipimajoto kinachoshika kiwango cha chini cha usiku, miti michache iliyotiwa alama katika pori la Lubutu, na wanafunzi wa Kindu, makao makuu ya jimbo, au walimu wa sekondari wa kwenda kuitazama kila mwezi, wakiandika kama limbali imetoa maua mwaka huu na usiku gani ulikuwa wa ubaridi zaidi kabla haijatoa.